Embe la Desemba, Mbuzi wa Septemba

Kuanzia Novemba hadi katikati ya Januari, Bukene, wilayani Nzega mkoani Tabora, hula maembe mpaka watu wakayachoka. Dodo, bolibo, sindano na yale ya kienyeji yenye nyuzi nyingi huuzwa kwa sado, kwa ndoo na kwa beseni, na yanayodondoka chini ya miti hayaulizwi bei. Mtoto huuma upande mmoja, akatupa uliobaki, akaokota jingine. Sokoni, karibu na stesheni na nyuma ya nyumba za wanaokamua juisi, maganda na kokwa hurundikana, mvua ikayanyeshea, nzi wakayavamia, na baada ya siku mbili tatu uchachu wake husikika kutoka mbali. Mbuzi hupita, hudonoa kidogo, huendelea na safari. Majani mabichi yameshaota kila mahali, ganda la nini?

Rudi mahali hapohapo mwezi Septemba. Mvua iliisha tangu Aprili. Mabua ya mahindi yamepauka, nyasi za kando ya reli zimeungua, majaruba ya mpunga ni udongo mweusi uliopasukapasuka. Mbuzi walewale sasa husimama kwa miguu ya nyuma kulifuata jani la mwisho la mgunga. Juu yao mwembe umebeba vitunda vichanga ambavyo hawawezi kuvifikia, na ambavyo mwenye mti hataki vifikiwe. Wanambuzi waliozaliwa Julai wanazigonga chuchu za mama zao kwa vichwa na hawapati kitu.

Mengi yameandikwa kuhusu mabaki ya matunda kuwa chakula mbadala cha mifugo, na karibu kila mara hoja huanzia kwenye wingi: taka ni nyingi, mbuzi ni wengi, basi tuwakutanishe. Kwa Bukene hoja lazima ianzie kwenye kalenda. Mabaki yapo na mbuzi wapo, lakini hupishana kwa miezi saba, minane, hata tisa. Anayetaka kumlisha mbuzi wa Tabora kwa ganda la embe ajibu kwanza ganda hilo litavukaje masika bila kuoza.

Miembe ya nchi hii ina historia ndefu. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora, na husimuliwa kwamba miembe mingi ya njia hiyo ilianzia kwenye vituo vyake vya kupumzika. Wapagazi wa Kinyamwezi ndio walioibeba biashara ile mabegani. Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, lipo tembe alimoishi David Livingstone mwaka 1872. Njia nyingine ilichepuka kutoka Tabora kuelekea kaskazini kwenye Ziwa Victoria. Ndiyo aliyoifuata mvumbuzi Mwingereza Speke mwaka 1858. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928 ikitokea Tabora, Bukene ikawa mojawapo ya vituo vyake, na embe likapata abiria wa kulinunua dirishani. Lakini treni hubeba embe zuri. Lililopasuka, lililotobolewa na funza, ganda na kokwa, vyote hubaki Bukene.

Viwanda vikubwa vya matunda vya nchi hii viko upande wa Pwani, kama kile cha Bakhresa pale Mwandege, Mkuranga, na cha Sayona pale Mboga, Chalinze. Kiwanda cha namna hiyo hutoa mabaki kwa malori, mahali pamoja, kwa ratiba inayojulikana. Huku magharibi usindikaji ni wa mikono: mama anakamua juisi, kikundi kinakausha vipande, mwingine anapika jamu. Ujuzi wenyewe si wa jana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF, wakiwa katika kituo cha utafiti cha Tumbi, waliwafundisha wanawake wa Tabora kutengeneza juisi, jamu na divai kutokana na matunda ya miombo. Kwa hiyo mabaki yapo, ila yametawanyika, ndoo moja hapa, beseni moja pale. Nadhani hilo lina faida yake. Ganda linalotoka jikoni kwa mama ni bichi, ni safi, na halijachanganyika na mifuko na vizibo kama taka za soko. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 1, 2019, lakini jalala la soko bado lina nailoni za kila aina, na mbuzi aliyemeza nailoni hufa polepole huku tumbo likiwa limejaa.

Sasa tulitazame embe lenyewe. Likisindikwa, theluthi moja hadi nusu ya uzito wake, wakati mwingine zaidi, hubaki kama ganda, kokwa na makapi. Ganda bichi ni maji kwa takribani asilimia 80. Likikauka, kinachobaki ni sukari nyingi na nyuzinyuzi laini ambazo mbuzi humeng'enya bila shida, lakini protini ni haba, chini ya kile kiwango cha asilimia 7 au 8 ambacho vijidudu vya tumbo kubwa la mbuzi huhitaji ili vifanye kazi ya kuvunja majani makavu. Hapo ndipo wengi hukosea. Ukimpa mbuzi mabua makavu pamoja na maganda matupu, umempa nguvu bila mjenzi. Ni lazima pawe na kitu cha protini pembeni: mashudu ya pamba au alizeti, majani ya karanga yaliyokaushwa kivulini, au majani ya mlusina. Nzega inalima pamba, karanga na alizeti, kwa hiyo kitu hicho hakihitaji kutafutwa Dar es Salaam.

Kokwa ni habari nyingine, na kwangu mimi ndiyo mali yenyewe. Ichukue iliyokauka juani, ishike wima juu ya jiwe, ipige ukingoni kwa kisu kizito. Gamba lenye nyuzi hufunguka, na ndani kuna kiini cheupe kinachoelekea rangi ya maziwa, kimevikwa ngozi nyembamba ya kahawia. Kionje kwa ncha ya ulimi: ulimi hukauka na kujikunja. Ladha hiyo ni tanini. Zaidi ya nusu ya kiini kikavu ni wanga, mafuta yake ni kati ya asilimia 7 na 12, na protini kati ya 6 na 9. Si chakula cha kutupa. Nchini India, ambako embe huzalishwa kuliko nchi nyingine yoyote, mafuta ya kiini hiki hukamuliwa na viwanda vinavyoyatumia pamoja na siagi ya kakao, na mashudu yake huingia kwenye chakula cha mifugo.

Tanini hushikana na protini na kuifanya isimeng'enyeke. Kuku hudumaa kwa ajili yake. Mbuzi ana kinga ambayo ng'ombe na kondoo hawana kwa kiwango hicho, kwa kuwa ni mla majani ya miti na vichaka, na mate na tumbo lake vimezoea ukakasi wa magome na majani machungu ya miombo. Hata hivyo hasara hupungua sana viini vikikatwakatwa, vikalowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, kisha vikachemshwa kidogo na kuanikwa. Baada ya hapo husagwa pamoja na pumba. Ningeshauri unga huo usizidi sehemu moja kati ya tano ya chakula cha ziada, na mbuzi aanze kupewa kwa kiganja. Kizuri zaidi ni kwamba kiini kikikauka vema hukaa. Kinaweza kuingia guniani Januari na kutoka Agosti, jambo ambalo ganda bichi haliwezi.

Basi turudi kwenye mvua, maana ndiyo adui wa hesabu zote. Watu wa Unyamwezi na Usukuma ni mafundi wa kukausha. Viazi vitamu humenywa, hukatwa vipande na kuanikwa juu ya miamba kuwa michembe, au huchemshwa kwanza na kuanikwa kuwa matobolwa, na nyumba ikaishi navyo mpaka mavuno yajayo. Ila michembe huanikwa kiangazi, anga likiwa wazi na upepo mkavu. Embe huja na mawingu. Ukianika maganda chini Desemba, asubuhi yamelowa, jioni yamelowa, siku ya tatu yameota ukungu, na ukungu ni hatari kuliko njaa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu mikoa ya kati, Dodoma na Manyara, kupitia mahindi. Fangasi wanaoileta hawabagui chakula cha mtu na cha mnyama, na mbuzi anayenyonyesha akila chakula chenye sumukuvu, sehemu yake hupita kwenye maziwa.

Njia za kuivuka masika ni mbili, na zinatosha. Ya kwanza ni kichanja: fito, wavu au matete, kimo cha kiuno, na turubai la kufunika mvua ikitisha. Maganda hukatwa vipande vidogo na kutandazwa safu nyembamba, yakigeuzwa kutwa. Jua la asubuhi la Bukene kati ya mvua moja na nyingine ni kali, na kwenye kichanja hewa hupita chini pia. Vipande vikikatika kwa mlio badala ya kupinda, viko tayari.

Ya pili ni sileji, na kwa mwezi wa mvua ndiyo ningeiamini zaidi kwa sababu haihitaji jua. Ganda na embe lililodondoka vina maji mengi mno kuvundikwa peke yake. Vitageuka uji na kutoa pombe. Huchanganywa na kitu kikavu cha kunyonya maji: mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, majani makavu ya mpunga kutoka majarubani, na pumba kidogo. Ukikamata mchanganyiko kiganjani na kuukamua, usichuruzike, ila kiganja kibaki na unyevu. Hushindiliwa kwenye pipa au mifuko mizito ya nailoni, kwa miguu, safu kwa safu, mpaka hewa iishe, kisha hufungwa kabisa na kuwekewa mawe juu. Sukari ya embe huwalisha bakteria wanaotengeneza asidi, na asidi ndiyo inayohifadhi. Kwa wiki tatu hadi sita huwa imeiva, na kama hewa haiingii hukaa miezi. Ikifunguliwa, harufu yake iwe ya uchachu mtamu. Yenye harufu ya uozo au yenye ukungu wa kijani au mweusi imwagwe yote, hata kama roho inauma.

Hapa lazima niseme neno kwa wakulima wa pamba. Mapipa na madumu ya viuatilifu vya pamba yamezagaa katika nyumba nyingi za ukanda huu, na ndiyo ya kwanza mtu kuyafikiria anapotafuta chombo cha kuvundikia. Yasitumike kamwe, hata yakioshwa kwa sabuni na majivu mara kumi. Hata viwanda vikubwa viliwahi kuponzwa na kitu kidogo cha namna hiyo. Brazili hukausha makapi ya machungwa kwa kuyachanganya na chokaa, na kuyasafirisha Ulaya kulisha ng'ombe wa maziwa. Mwaka 1998 chokaa iliyotumika ilikuwa na dioksini. Sumu ikaonekana kwenye maziwa nchini Ujerumani, na shehena zikazuiwa. Chakula cha mnyama ni chakula cha mtu, kinatangulia hatua moja tu.

Sasa hesabu, kwa sababu bila hesabu tutakuwa tunapeana matumaini ya bure. Mbuzi wetu wa kienyeji mzima ana kilo 25 hadi 30, na kwa siku anahitaji karibu kilo moja ya chakula kikavu. Tuseme tunataka kumwongezea robo kilo kavu kwa siku, kwa siku 90 za Agosti, Septemba na Oktoba. Hiyo ni kilo 22 na nusu kwa mbuzi mmoja. Kwa mbuzi 10 ni kilo 225. Kupata kilo moja kavu kutokana na maganda mabichi kunahitaji kilo tano hivi. Kutokana na maembe mazima yaliyodondoka, kilo sita. Basi mbuzi 10 wanahitaji zaidi ya tani moja ya mabaki mabichi, yakusanywe, yakatwe, yashindiliwe, katika wiki zilezile ambazo kila mkono wa nyumba uko shambani unapanda mpunga na mahindi.

Hesabu hii ndiyo inayonifanya nisimwambie mtu alishe kundi zima. Awachague wachache. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano. Majike wanaopandwa Februari na Machi, wakati nyasi zimewanawirisha, huzaa Julai na Agosti, kwenye mlango wa njaa. Mama huyo ndiye anayehitaji kile kikombe cha chakula cha ziada, yeye na mwanawe, kuliko beberu mnene anayesubiri mnada. Akiba ya majike watatu au wanne ni kilo mia nne au tano za mabaki mabichi, na hizo familia yenye miembe mikubwa michache uani inaweza kuzipata bila kununua chochote isipokuwa mifuko.

Wazo la kuweka malisho akiba wala halihitaji kuletwa na mgeni. Ngitili ni akili ya hapa. Mfugaji hufunga kipande cha ardhi mvua zinapoanza, nyasi na miti vikakua bila kuguswa, akakifungua kiangazi kikikaza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifanikiwa kwa sababu uliifufua desturi hiyo badala ya kuleta nyingine, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na miti na nyasi. Pipa la sileji ya embe ni ngitili ya aliye na uwanja mdogo. Mama ambaye hana ardhi ya kufungia nyasi ana maganda, ana kokwa, na mara nyingi mbuzi ndiye mnyama anayeweza kumuuza ada ya shule ikifika, kabla ng'ombe wa ukoo hajaanza kujadiliwa.

Kuna faida nyingine ambayo wenye miembe wangeipenda hata kama hawana mbuzi. Nzi wa matunda kutoka Asia, anayeitwa kitaalamu Bactrocera dorsalis, alionekana mara ya kwanza Afrika Mashariki mwaka 2003 na tangu hapo ameharibu maembe kila kona. Hutaga ndani ya tunda, funza hukulia humo, tunda hudondoka, na funza hutoka na kuingia ardhini kugeuka nzi mpya. Embe lililodondoka likiachwa chini ya mti ni kitalu cha nzi wa wiki zijazo. Likiokotwa asubuhi ileile na kuliwa na mbuzi au kushindiliwa kwenye pipa lisilo na hewa, funza hufa humo. Mbuzi hadhuriki na funza hao.

Kinachomdhuru ni pupa. Mbuzi mwenye njaa akifikia rundo la matunda yenye sukari na kushiba ghafla, tumbo kubwa hujaa asidi, huacha kucheua, huharisha, hulala, na wengine hawaamki. Azoeshwe kwa wiki mbili, kiganja kwa kiganja, na apewe baada ya kula majani makavu, si kabla. Matunda yakatwe, embe dogo zima huweza kumkwama kooni. Na kwa kuwa mabaki ya embe hayana kalsiamu ya kutosha, awe na jiwe la chumvi na madini, pamoja na maji. Maji hasa, maana Septemba Bukene hayapatikani kirahisi.

Wenzetu wametangulia kwa mambo yao. Kampala, maganda ya ndizi za matoke ni biashara kamili: yanakusanywa, yanapakiwa, yanauzwa kwa wafugaji wa mbuzi na ng'ombe wa mjini. Nigeria, watafiti wa ILRI na IITA pale Ibadan walibuni namna ya kusaga maganda ya mihogo, kuyakamua maji na kuyakausha ndani ya siku moja, na ganda lililokuwa likichomwa barabarani likapata bei. Kilichowasaidia wote wawili ni kwamba ndizi na muhogo hupatikana mwaka mzima. Kampala haihitaji kuhifadhi ganda la matoke, kesho kutakuwa na jingine. Tukiiga mtindo wao bila kulifikiria hilo, tutajenga banda la kusagia litakalofanya kazi wiki kumi na kulala mwaka mzima uliobaki.

Tunachohitaji ni kitu kidogo zaidi na cha karibu zaidi. Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, TALIRI, ina kituo Kongwa chenye uzoefu mrefu na mbuzi, wakiwemo wale chotara waliozalishwa Malya, Kwimba, kwa damu ya Kamorai, Boer na mbuzi wa kienyeji. Tumbi iko Tabora palepale. Vituo hivi viwili vikikaa pamoja na kikundi kimoja cha akina mama wa Bukene msimu mmoja tu, vinaweza kupima mambo ambayo mfugaji hawezi kuyapima mwenyewe: kiini cha bolibo kina tanini kiasi gani kikilinganishwa na cha dodo, kulowekwa usiku mmoja kunaondoa kiasi gani, majani ya mpunga yachanganywe kwa kipimo gani ili sileji isichuruzike. Afisa mifugo wa kata abandike majibu hayo kwenye ubao wa mnada kwa vipimo vya sado na ndoo, wala si kwa asilimia.

Na kikundi hicho kianze Novemba hii kwa pipa moja, kabla ya mvua kubwa, mabua ya mahindi ya msimu uliopita yakiwa bado makavu darini. Waandike tarehe kwa mkaa ubavuni mwa pipa. Walifungue wiki ya kwanza ya Agosti, na kila jike aliyezaa apewe kikombe kimoja asubuhi, huku mwanawe akipimwa uzito kwa mizani ya pamba kila Jumapili mpaka mvua irudi.